Kukaa Bure Mchana

Miaka ile ya dhahabu, kutoka Itiryo mpaka mjini Tarime, wanawake waliotaka kupendeza walimjua fundi mmoja wa cherehani, na fundi huyo ni mimi. Sioni haya kulisema. Na cherehani yangu haikuwa bora kuliko za wengine. Kila mchana, jua likiwa kali, niliifunika kwa kanga, nikatoa kiti mlangoni, nikakaa. Sipigi soga wala sichambui maharage. Nakaa tu, nawaza nguo.

Sikati kitambaa mpaka niione nguo ikitembea. Futi kamba inakupa kiuno cha mtu aliyesimama wima, na nani anakwenda sherehe kusimama wima? Kwa hiyo kichwani mwangu namvika mwenye nguo, namkalisha, namwinamisha, namchezesha. Pakibana, nafumua na kuanza upya. Huko hata nikikosea, kitambaa cha mtu kiko salama.

Mama mkwe wangu hakunielewa kabisa. Wake za shemeji zangu walikuwa wakiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo tangu asubuhi.

"Wenzako wanaponda mawe," aliniambia, "wewe unakodolea macho upepo."

Siku moja nililetewa kitambaa cha sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Baba wa binti alikuwa amepata dhahabu, akanunua kitambaa ambacho Tarime nzima hapakuwa na kipande kingine cha kufidia. Nikakaa kuwaza. Niliwaza sana hata mkono ukapanda wenyewe shavuni, nikashika tama.

Kwetu mwanamke akishika tama mchana kweupe, basi ana msiba au anauita. Na mume wangu siku hiyo alikuwa chini ya duara, ndivyo tulivyoyaita mashimo ya dhahabu, na maduara yalikuwa yakifukia watu. Jirani yangu akapita na ndoo ya maji, akanisalimu. Sikumsikia, nilikuwa kwenye pindo la bibi harusi. Akatua ndoo, akapiga yowe.

Niliporudi kutoka mawazoni, uwanja ulikuwa umejaa wanawake, mikono kichwani, wakimlilia mume wangu. Mtu alishakimbia machimboni kupeleka habari. Kule, msiba ukisikika, wote wanatoka na hakuna anayechimba tena siku hiyo. Wakatoka, wakati mwamba ndio kwanza unaanza kuonyesha rangi. Mume wangu alifika amejaa vumbi, akakuta analiliwa yeye mwenyewe.

Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka.

"Mama, huyu ananichuria," akamwambia mama yake.

Mama mkwe akakata shauri hapo hapo. "Sherehe hiyo ikiisha, cherehani iuzwe. Aende kwenye mawe."

Iliniuma, na hasira zilinipanda. Lakini nilimjibu kwa adabu: "Sawa, mama. Ila twende wote, ukaione nguo kwanza."

Kesho yake nilikaa pale pale. Mikono tu ndiyo niliyoihamisha, nikaiweka mapajani.

Siku ya sendofu binti aliingia chini ya turubai, akaenda kuwaamkia wazee kwa kupiga magoti, mmoja baada ya mwingine. Shikamoo, anashuka. Marahaba, anainuka. Nguo ilishuka naye ikainuka naye, na hakuivuta hata mara moja. Muziki ulipopigwa alicheza mpaka chini, mshono haukulalamika. Mimi sikuwa namtazama yeye. Nilimtazama mama mkwe, aliyekuwa ameacha pilau yake ipoe. Nilijivuna, na sikuona sababu ya kuficha.

 

Kesho yake mchana nikafunika cherehani, nikakaa, mikono mitupu. Nilikuwa nimeanza kumwona mtu mnene ndani ya gauni la mistari niliposikia kelele kwenye uzio wa minyaa. Wanawake waliokuwa kwenye sherehe walikuwa wamekuja na vitambaa vyao, wakiitana na kusukumana. Mama mkwe aliinuka alipokuwa amekaa, akaenda kuwazibia njia.

"Punguzeni sauti," akawaambia. "Rudini jioni. Hamwoni mkamwana wangu anashona?"