Kaka Yangu na Sufuria ya Terere

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, kaka yangu Ambani alipodondosha panga katikati ya miwa, akapiga magoti akishika ubavu. Hakupiga kelele, alikuwa mtu wa kuvumilia. Lakini jasho lilivyomtoka, tulijua hili si la kukandwa kwa maji moto. Trekta lililokuja kusomba miwa ndilo lililompeleka hospitali.

Sasa uelewe, Ambani hakuwa mlafi. Baba yetu alikuwa amekufa kwa presha, naye Ambani, aliyekuwa mkubwa wetu, akaapa kwamba hatatuacha yatima mara ya pili. Akaacha pombe, akapunguza mafuta, akageukia terere, ule mchicha wa kienyeji. Terere asubuhi, terere mchana, terere usiku, na mchuzi wake akiunywa kama chai. Nilimstahi sana kwa nia hiyo, na bado namstahi. Ila ngoma ikivuma sana hupasuka.

Daktari alimweleza kwamba ana vijiwe kwenye figo. Terere ni chakula kizuri, alisema, lakini ina chumvichumvi fulani ambayo ikizidi mwilini, na maji yakiwa haba, huganda ikawa mawe. Na Ambani alikuwa akishinda kwenye miwa bila kugusa maji. Akaambiwa apunguze terere, anywe maji kwa wingi.

Vijiwe vilitoka, kwa maumivu nisiyoweza kukusimulia. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaka alirudi nyumbani akakataa kila kitu cha kijani. Akawa anakula obusuma, ugali wetu, kwa mayai tu, wiki baada ya wiki, hadi tumbo likafunga, nguvu zikamwisha, panga likamshinda.

Ndipo akaja Senge, dada yake baba, kutoka Khayega. Hakufoka. Alichambua majani ya kunde, akayachemsha, akamwaga maji, akatia maziwa. Akamwekea Ambani sahani. Kaka akaisukuma kando. Senge akamtazama kwa upole, akamwambia:

"Ambani, juzi mboga ilikuwa mungu wako. Leo imekuwa mchawi wako. Lini itakuwa chakula tu?"

Kaka akaivuta sahani.

Senge, Mungu amlaze pema, alikaa nasi hadi msimu wa kupanda mahindi. Leo kunde, kesho sukuma, siku nyingine mrenda, na terere mara mojamoja. Maharagwe aliyaloweka usiku kucha, akayapika yakaiva kabisa. Chai alituzuia kuinywa juu ya chakula. Alisema tungoje kwanza, isije ikatupora faida ya tulichokula. Na Ambani hakutoka kwenda shambani bila kibuyu cha maji. Alipona, akakata miwa hadi akatusomesha sote, na sasa anawabeba wajukuu mgongoni.

Mwanangu, nakuona na hiyo mashine yako ya kusaga mboga mbichi kila alfajiri, nami nafurahi kwamba unautunza mwili. Usiache. Ila badilisha mboga, zinazotaka kuchemshwa zichemshe, kunywa maji, na chakula hata kiwe kizuri vipi, usikipe kiti chote. Mwili ukilalamika, muone daktari mapema.

Mungu akupe meza yenye mengi na mkono unaojua kutosheka. Ule, ushibe, uzeeke ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.