Ngamia Aliyenikumbusha Ayeyo

Nichekeni tu, nimezoea. Tangu ninunue kamera, kila Jumamosi mimi hutoka Garissa kuelekea Modogashe kupiga picha za mifugo. Juzi nikakuta ngamia mwenye uso uleule wa yule aliyekamuliwa na ayeyo, nyanya yangu, nilipokuwa mdogo. Nikakumbuka maziwa ya ngamia wa ayeyo yenye harufu ya moshi, machozi yakanilengalenga. Saa nzima nikaupiga picha uso ule tu, hadi kope.

Mwenye ngamia, mzee wa Kisomali, alipofika, nikamwonyesha picha. "Adeer, mzee wangu, huu ni uso wa mama kabisa. Anatoa maziwa mengi?"

Mzee akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"Mashallah, bicha nzuri. Sasa zunguka nyuma, biga ingine. Huyo ni dume."