Kikombe cha Kwanza Nilikimwaga

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaanza leo kujisingizia upole. Asubuhi ile binti yangu aliniomba mara tatu nipike chai tu. Chai ya birika, ya tangawizi, ile ambayo hakuna mtu amewahi kugombana kwa ajili yake. Mara ya tatu nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama anaionea aibu mashine ya kahawa ya marehemu baba yake, basi akaolewe na birika.

Alichukua ufagio akaenda kufagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Mgeni tuliyekuwa tunamngoja ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anayeishi Itigi. Watu wa Mwankoko walikuwa wanaleta posa ya binti yangu Jumamosi inayofuata, na kwetu posa haipokelewi na mjane peke yake. Lazima akae mwanaume wa ukoo mahali pa baba, asikilize, ahoji, mwishowe aseme tumekubali. Baba mkubwa akikataa kukaa pale, wageni wataulizana kwa nini. Na kutoka Mwankoko hadi kwetu Unyambwa si mbali. Sababu ingewafikia kabla hawajamaliza soda.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Tangu tuanue matanga ya mume wangu, mwaka wa pili ule, shemeji hakuwa ameweka kitu chochote cha nyumba yangu mdomoni. Si maji, si karanga. Alikuja mara mbili kwa mambo ya ukoo, akakaa nje kwenye kiti cha plastiki, akasema ameshiba. Jamani, mtu anatoka Itigi na njaa yake, anafika kwa mjane wa mdogo wake anasema ameshiba! Hapo hahitaji kueleza zaidi. Maneno yalikuwa yameshazunguka kwamba mdogo wake hakufa kifo cha Mungu. Alikonda, akatapika, akaondoka, na kila asubuhi mkewe alikuwa anampa kitu cheusi kwenye kikombe kidogo, kutoka kwenye kidude kinachounguruma.

Kidude hicho ni mashine ya espreso. Mume wangu alikuwa fundi umeme. Nyumba moja ya wageni mjini ilikuwa imeitupa stoo, pampu imekufa, yeye akaiomba. Akaifungua juu ya meza yetu ya chakula, na kwa miezi miwili tulikula tumepakata sahani. Siku ilipokubali kuwaka alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Kuanzia hapo kahawa nyumbani kwetu ikawa kazi, na mimi nikawa mwanafunzi wake. Alinifundisha kununua kahawa mbichi ya Kigoma, kuikaanga kwenye kikaango kikavu hadi ianze kupasukapasuka, kuiacha ilale siku tatu, kisha kuisaga asubuhi ileile kwa kinu cha kuzungusha kwa mkono. Ukisaga laini mno mashine inakabwa, inadondosha matone machungu kama shubiri. Ukiacha chenga kubwa, inatoka mbio, maji matupu. Maji yawe ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi, yanaganda ndani ya mashine kama ukoko. Hadi leo nina mapipa mawili ya maji ya mvua, na hata mchungaji akija nyumbani simpi yale.

Na kikombe cha kwanza unamwaga. Mashine ikiwa haijashika moto vizuri, kahawa ya kwanza inatoka na uchachu. "Hicho ni cha mashine," alikuwa akisema, "cha pili ndicho cha mtu." Nilizoea hivyo hadi mkono ukawa unamwaga wenyewe.

Sasa kwa nini nisipike chai? Kwa sababu uvumi wote ulikuwa juu ya mashine. Nikimpa chai shemeji, nikaifunika mashine kitambaa pale kwenye kona, ni kama nimesema kweli, kile kidude kina kesi. Sikukubali. Nilitaka anywe kilekile alichokunywa mdogo wake, mbele ya macho ya binti yangu, yaishe. Hilo ndilo nililojiambia. Kiburi nacho kilikuwemo, sikatai.

Alifika kama saa nne. Alikuja mikono mitupu. Mtu wa Itigi, mwenye mizinga yake porini, kuja bila hata chupa ya soda iliyojazwa asali, ujue kuna neno.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu ndani."

Binti yangu alipiga goti akamwamkia, "Shikamoo baba," akamwitikia vizuri kabisa, akamshika na kichwa. Na mtoto hakuwa na ugomvi. Safari hii aliingia ndani, kwa kuwa mambo ya posa hayazungumzwi uwanjani majirani wakasikia. Akakaa kwenye kochi linalotazamana na mashine. Kofia hakuivua.

Tuliongea mvua. Tukaongea alizeti, bei ya kuku, barabara. Kisha nikasema, kwa sauti niliyoitaka iwe ya kawaida, "Shemeji, nakutengenezea kahawa."

Hakusema ameshiba. Alisema, "Haya." Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama kwa tumaini hadi nikaona aibu kwa yale niliyomwambia asubuhi.

Nikawasha. Nilisaga huku nahesabu mizunguko ya kinu nisikie kitu kingine mbali na kimya chake. Nikajaza kichujio, nikashindilia, nikafunga kishikio kwenye mashine, nikabonyeza. Pampu ikaanza kunguruma, na nikaona kwa pembe ya jicho mguu wake ukirudi nyuma chini ya kochi. Kahawa ikashuka. Nikachukua kile kikombe, nikafungua mlango wa nyuma, nikakimwaga kwenye majivu. Nikafuta, nikajaza kahawa nyingine, nikabonyeza tena. Ya pili ilitoka nzuri, nawaambieni kweli. Ilishuka taratibu, nzito, na povu la kahawia juu lisilo na tundu. Nikaiweka kwenye kisahani chake, nikampelekea kwa mikono miwili, nikapiga goti.

Aliipokea. Akaishika. Hakuinyanyua.

"Umemwaga nini pale nje?" akauliza.

"Kahawa."

"Ile ya kwanza."

"Ndiyo, shemeji. Ya kwanza haifai."

"Haifai," akasema. "Ya kwanza umeimwaga. Hii ya pili ndiyo umeniletea mimi."

Mwe! Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza. Iwe togwa, iwe pombe ya mtama, iwe maziwa, unajimiminia kidogo mbele ya mgeni, unapiga funda, ndipo unampa yeye. Wenyewe tunaita kutoa sumu. Watu hawafikirii hata wanapofanya, ni kama kunawa mikono. Kwa birika ni rahisi, kinywaji ni kimoja, wote mnakunywa humohumo. Mashine hii inatoa kikombe kimoja kwa mtu mmoja, na miaka miwili nilikuwa nakunywa peke yangu na mtoto, sikuwa na mgeni wa kumtolea sumu. Na cha kwanza, ambacho kwa haki kilikuwa changu kukionja, nilikitupa mbele ya macho ya mtu aliyesafiri kuja kuona kama mimi ni mwuaji.

"Ni utaratibu wa mashine," nikasema. "Muulize mtoto."

"Simwulizi mtoto." Aliweka kikombe mezani, akakisukuma kwangu kwa kidole kimoja. "Onja, shemeji."

Jogoo wa jirani alikuwa anawika saa nne na nusu kama mwendawazimu. Hasira ilinipanda. Nilimwuguza ndugu yake miezi saba. Nilimbeba mgongoni kwenda chooni, mimi mwenyewe, wakati yeye yuko kwenye mizinga yake. Leo ananiambia onja!

"Mama," binti yangu akasema kutoka mlangoni, taratibu. "Onja tu, mama. Tafadhali."

Ilikuwa funda moja. Mtu yeyote angenyanyua, angekunywa, angemtazama usoni, basi. Binti anaolewa, uvumi unakufa. Mkono wangu ulifika kwenye kikombe ukasimama. Shemeji aliuona ukisimama. Akavuta pumzi, akaanza kushika magoti yake, kama mtu anayetaka kunyanyuka aende zake.

Kwa nini nilisita? Kwa sababu kuonja ni kusema mkono wangu ni safi. Na kuna kitu nilikuwa sijamwambia mtu.

"Sikumwekea kitu kwenye kahawa," nikasema. "Sikumwekea kitu, Mungu ananiona. Lakini daktari alimkataza kahawa, na mimi nikaendelea kumpa."

Shemeji akabaki vilevile, mikono juu ya magoti.

"Tuliitwa sisi wawili. Daktari akasema ugonjwa wenyewe haurudi nyuma, ila kahawa itamwongezea maumivu, aache, hata tone asiguse. Alikaa siku nane. Siku ya tisa akaniomba. Nikakataa. Akaniomba tena kesho yake. Alikuwa haombi kitu kingine, shemeji. Uji alikuwa anakunywa kwa kuwa tunamlazimisha, dawa kwa kuwa tunamlazimisha. Kahawa ndiyo kitu pekee alichokuwa anakitaka mwenyewe. Nikampa. Kila alfajiri, kabla mtoto hajaamka, na akisikia mashine alidhani najitengenezea mwenyewe. Siku nyingine alikuwa anajikunja kwa maumivu hadi saa tano, na mimi najua ni kwa nini, na kesho yake nampa tena. Siku ya mwisho hakuweza kumeza, nikamlowesha midomo kwa kijiko. Basi. Hilo ndilo nililofanya. Kama ni kuua, hukumu."

Sikulia. Hasira na hofu vilikuwa vimechanganyika sijui kipi ni kipi. Povu lilikuwa limeshakufa juu ya kile kikombe, limebaki duara jembamba pembeni.

Shemeji aliivua kofia akaiweka juu ya goti. Akakitazama kikombe muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua, mimi sijaonja, akanywa yote mara moja.

Uso ulimkunjamana. "Hii ndiyo aliyokuwa anakunywa?"

"Ndiyo."

"Bila sukari?"

"Bila sukari."

"Kha! Mdogo wangu alikuwa mbishi." Akapangusa mdomo kwa kiganja, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mtu aliyeua hasemi hivyo, shemeji. Aliyeua angeonja haraka." "Jumamosi nitakuja mapema. Waambie hao watu wa Mwankoko watamkuta baba."

Nikasema asante. Nilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikaa tena kama nusu saa, akaomba maji ya kunywa, akayanywa, akala na karanga. Tulipanga nani aalikwe, nani asialikwe, shangazi gani asipewe nafasi ya kusema. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikangoja naye bodaboda. Moyo wangu ulikuwa mwepesi hadi nikamtania kuhusu asali, akaahidi dumu zima kwa ajili ya sherehe.

Nilirudi nikiita. Nilitaka tushikane mikono na binti yangu, tucheke, tupige hata kigelegele cha siri. Hakuwepo mlangoni. Sikuwa nimeona ameondoka saa ngapi.

Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Yeye ndiye aliyeacha chuo kuja kumwuguza baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa anampikia uji usio na chumvi, kwa kipimo, kwa sababu daktari alisema, na baba yake akilalamika anamwambia hapana baba, masharti ni masharti. Na miaka miwili hii, kila shangazi aliyefungua mdomo juu yangu, huyu mtoto alimkabili. Aligombana na nusu ya ukoo kwa ajili ya mikono yangu.

"Baba yako mkubwa amekubali," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Sasa mbona umekaa hivyo?"

"Nilikuwa naamka namkuta amejikunja," akasema. "Nilidhani ni uji wangu. Nilibadilisha unga mara tatu, mama. Nilidhani ni mimi."

Nilikaa sakafuni karibu naye, sikumgusa.

"Angeniomba mimi hiyo kahawa," akasema, "ningemnyima."

"Ndiyo maana hakukuomba wewe," nikamwambia.