Maji Aliyoyamwaga Mama Chupa

Pale idara ya maji walimwita Mama Chupa, na ukimwita vinginevyo hageuki. Kazi yake ilikuwa kuyazungukia mabomba ya umma, kujaza chupa, kisha kupima maabara kama maji yana madini ya hatari yaliyoyeyuka, yale yasiyoonekana wala kunuka. Miaka sita hiyo! Na kwa udadisi hakuwa na mpinzani: hata umkaribishe chai, kwanza atakuuliza maji umeteka wapi.

Basi mjukuu wake wa miaka minne akaanza kulalamika tumbo. Chakula hataki, mchezo hataki. Daktari akampima damu, akakuta madini ya risasi, akauliza mtoto anakunywa maji wapi.

"Nyumbani, na bomba la chekechea," akajibu binti wa Mama Chupa.

"La chekechea nalipima mimi mwenyewe kila mwezi," akadakia bibi. "Safi kabisa!"

Ya nyumbani akayapima siku ile ile, hayana kitu. Hapo sasa akili ikaanza kumwasha. Sumu inapitia wapi? Mwingine angesingizia rangi ya ukuta, akajiendea zake. Yeye kesho yake, walimu hawajafika, alikuwa ameshajibanza karibu na bomba la chekechea kama anamvizia mwizi wa kuku.

Wa kwanza kufika alikuwa mjukuu wake, maana mama yake humwacha mapema akiwahi kazini. Mtoto akatupa mkoba, akafungua bomba, akakinga viganja.

"Usinywe!" Bibi akaruka, akaweka chupa mahali pa viganja.

Lo! Mtoto alikuwa anakinga maji ya kwanza kabisa kutoka. Miaka yote sita alikuwa anafungua bomba, anaacha maji yamwagike huku akihesabu mpaka mia, ndipo anakinga chupa. Alifundishwa hivyo na mwenzake anayepima vijidudu, na kwa vijidudu ni sawa. Lakini maji yaliyolala usiku kucha kwenye bomba kuukuu ndiyo yanayobeba risasi, na hayo hasa ndiyo aliyokuwa akiyamwaga chini!

Akahesabu mia, akajaza chupa ya pili. Majibu yalitoka mchana. Chupa ya pili, safi. Ya kwanza imezidi kiwango mara nne.

Bomba likafungwa saa ile ile. Mkuu wake akamshauri aandike tu kwamba limechakaa, yaishe. Akakataa katakata. Akaenda kwa binti yake, akaeleza yote bila kuficha, machozi yakimlengalenga.

Binti akamkazia macho. "Na mbele ya daktari, Mama, ulisema ni safi kabisa. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi."

"Nilikwambia, mwanangu."

"Mabomba mangapi umeyapima hivyo?"

"Thelathini na moja."

"Na watoto wanaowahi kunywa huko, mama zao wameambiwa?"

"Bado."

"Basi usikae hapa ukanililia mimi, Mama. Nenda kawaambie."