Mshipi wa Kogo

Nikiwa mtoto, mshipi wa baba ulikuwa na msumari wake nyuma ya mlango. Tuliishi chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi mjini Nakuru, upande wa viwanda, na mlango ukifungwa, msumari huo ndio kitu cha kwanza ulichokiona. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kusaga unga. Hakuwa mlevi wala katili. Alikuwa mtu wa zamu na king'ora, mwenye msimamizi aliyemwita kijana hata nywele zake zilipoanza kuwa nyeupe bila unga, na nyumbani alitaka mambo yaende jinsi mashine zilivyokwenda. Yasipokwenda, mlango ulifungwa.

Sikuwa peke yangu. Kila nyumba katika safu yetu ilikuwa na msumari wake, au fimbo juu ya kabati, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba tulimtambua kila mtoto kwa kilio chake. Palikuwa na utaratibu ambao sijui ulianzishwa na nani. Kipigo kikizidi, jirani aligonga ukuta kwa mwiko, mara moja tu, na hakusema kitu. Kwetu aliyegonga alikuwa Mama Wambui, muuza mboga, na baba, hasira iwe kubwa namna gani, akisikia mwiko ule alishusha mkono. Kesho yake Mama Wambui angenikuta mferejini aniambie kwamba jana amenifanyia kazi, sasa nimbebee maji.

Marehemu mke wangu, Chelangat, aliipenda sehemu hii ya mwiko. Alisema kwao Subukia nyumba zilikaa mbalimbali, kila mtu alipigwa mpaka mpigaji achoke.

Nilikuwa darasa la tatu wakati mamake baba, tuliyemwita Kogo, alipoletwa kutoka Olenguruone kutibiwa kifua. Alipewa kitanda, wazazi wangu wakalala chini kwenye godoro nami kando yao. Alikuja na sanduku la bati lililowekwa pembeni, chini ya koti la mvua la baba. Ndani yake, kati ya nguo, mlikuwa na leketyo, mshipi mpana wa ngozi ulioshonwa kauri, ambao mwanamke wa kwetu hufungwa tumboni akishazaa. Wengi mjini walikuwa wameacha kuufunga. Kogo hakuuacha, ila tu hospitali walimwambia aufungue ili apumue vizuri, naye akauweka sandukuni kama mtu anayelaza mtoto.

Mama alinionya nisiuguse. Mshipi huo, alisema, ndio ulioshikilia tumbo baba alimotoka. Mzazi akiupiga chini kwa hasira akitaja jina la mtu, mtu huyo amekwisha. Na hata pasipo laana, mtoto hapigwi nao kamwe. Mtoto aliyepigwa nao akija kujenga nyumba, nyumba yake haishiki moto. Watu huondoka ndani yake mmoja mmoja, naye hubaki na baridi. Mama aliyasema haya akipepeta mchele, kwa sauti ile ile aliyotumia kunikataza kugusa waya wa umeme.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa, na mvua ikinyesha yalijaa maji. Tulikatazwa kuoga humo. Mwaka uliotangulia mtoto wa safu ya pili alikuwa amezama, na baba alikuwa mmoja wa wanaume waliomtoa. Hilo la baba sikulijua wakati huo. Nilichojua ni kwamba maji yalikuwa mazuri na Jumamosi ilikuwa na jua.

Wazazi wa Nakuru hawakuhitaji shahidi. Baba alinishika mkono, akapitisha ukucha kwenye ngozi, na mstari mweupe ukatokea, kama chaki ubaoni. Ngozi iliyotoka majini na kukauka bila mafuta husema yenyewe. Akafunga mlango.

Msumari ulikuwa mtupu. Mama alikuwa amesikia watoto wakitaja machimbo, akajua kitakachofuata, akauficha mshipi wa baba chini ya godoro. Alitaka kuniokoa. Baba aliangalia msumari, akamwangalia mama, kisha akageukia pembeni, akaingiza mkono chini ya koti, ndani ya sanduku ambalo Kogo alikuwa ameliacha wazi. Chumba kilikuwa na giza, dirisha lilikuwa limezibwa kwa kadibodi. Mkono wake ulipata ngozi, akaivuta.

Nakumbuka sauti zaidi ya maumivu. Kauri zililia. Pigo la kwanza lilinipata mgongoni, la pili mkononi, kisha nikamwona Kogo akiinuka kitandani, mwanamke ambaye kwa wiki nzima alikuwa akisaidiwa hata kuketi. Upande wa pili Mama Wambui aligonga ukuta. Sijui kama baba alisimama kwa sababu ya mwiko au kwa sababu alikuwa ameshaona alichoshika.

"Umempiga mtoto na mlango uliotokea wewe," Kogo akasema.

Hakupaza sauti. Mama alikaa chini pale pale aliposimama, akafunika uso kwa kanga.

Dawa ya kosa hilo ilikuwepo, na ilikuwa rahisi. Aliyepiga apige magoti mbele ya mwenye mshipi, aliyepigwa awe kando yake, aliyepiga akiri kwamba amekosa, na mwenye mshipi awapulizie wote wawili maziwa kutoka mdomoni mwake. Hakuna mwingine awezaye kufanya hivyo badala yake. Kogo alilieleza jambo hilo jioni ile ile, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Baba alisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mzee wa kanisa. Alijibu kwamba mambo ya ngozi na maziwa aliyaacha Olenguruone, kwamba mtoto alistahili kuchapwa, na mshipi ni mshipi.

Tangu siku hiyo nilihesabu pumzi za Kogo. Sisemi hivi kwa mapambo. Nililala chini karibu na kitanda chake, na kila kifua chake kiliponyamaza, nilishika ukingo wa blanketi nikingoja kianze tena. Nilijua kwamba pumzi zake zikiisha kabla baba hajapiga magoti, mimi nimekwisha. Watoto wa safu yetu walijua pia, kwa kuwa mama alikuwa amemlilia Mama Wambui, na ukuta ulikuwa ule ule. Mferejini waliniimbia kwamba Kibet ataoa paka, na paka naye atahama. Nilicheka nao. Kisha nilikwenda nyuma ya choo nikatapika.

Mama alimsihi baba. Nilimsikia akimwomba usiku kwa kunong'ona, na mchana kwa ukali. Alimwambia kwamba hata kama haamini, apige magoti ili mamake apumzike. Baba alimjibu kwamba Mungu hadhihakiwi. Mara moja mama alimwambia, mbele yangu, "Huyu mtoto hali tena. Wewe huoni?" Baba aliondoka mezani, akaenda kukaa nje kwenye jiwe mpaka giza likaingia.

Ndipo nikafanya hesabu yangu ya kitoto. Ilikuwa likizo. Baba alikuwa akiingia zamu ya mchana, na mama alikuwa ameenda sokoni. Nilichukua kiatu kimoja cha kazi cha baba, nikakisukuma kwa fimbo ya ufagio chini ya kitanda cha Kogo, mpaka ukutani kabisa. Nikamimina maziwa kwenye kikombe, nikamwekea Kogo mkononi, nikamwambia angoje. Aliniuliza angoje nini.

Baba alitafuta kiatu nyuma ya mlango, kisha chini ya meza, akinilaumu kwa fujo zangu. Nilimwambia nadhani kiko chini ya kitanda. Akainama, akaona hakifikiki, akapiga magoti. Nikaruka nikapiga magoti kando yake, bega langu likigusa lake.

"Kogo, sasa," nikasema. "Amepiga magoti."

Mkono wa baba ulikuwa umeingia chini ya kitanda hadi begani. Uliacha kusogea. Kogo alinitazama, akakitazama kikombe, akakiinua kwa mikono miwili. Nilifumba macho kungoja maziwa. Nilipoyafumbua, alikuwa amekishusha tena mapajani.

"Hajapiga magoti kwa ajili yako," aliniambia. "Amepigia kiatu."

Baba hakuinuka. Uso wake ulikuwa karibu na sakafu, na ningali nikiona unga uliokwama kwenye mikunjo ya shingo yake, ule ambao hakuna sabuni iliyoweza kuutoa. Kogo alimngoja. Kisha akamwambia, kwa upole ambao sikuwahi kumsikia akiutumia kwa mtu mzima, "Sema neno moja tu."

King'ora cha kiwanda kikalia.

"Mama," baba akasema kuelekea sakafuni, "nitachelewa kazini."

Alivuta kiatu, akakivaa bila kufunga kamba, akatoka. Nilingoja jioni aje anipige kwa nilichofanya. Hakunipiga, wala hakunipiga tena maishani mwake. Msumari ulibaki pale, mama akaanza kuutundikia kikapu.

Kogo aliomba arudishwe Olenguruone afe mahali penye nyasi. Alikufa kabla ya mahindi kufika magotini, na mshipi ukazikwa naye. Mama alipowauliza akina mama wazee wa huko kama kuna njia nyingine, walimwambia mdomo uliokuwa na dawa umeshafunikwa.

Nilisoma. Kwenye chuo kikuu nilichukua takwimu, somo linalomfundisha mtu kutolifunga jambo moja kwa jingine kwa sababu tu yamefuatana. Nilimwoa Chelangat, tukapanga nyumba mjini Nakuru, mbali na viwanda. Mimba zake hazikukaa. Baada ya ile ya mwisho aliniuliza kama ningependa kwenda kuongea na baba, nikamwambia tumbo halijui habari za mshipi. Alikubali. Alisema alitaka tu kuuliza. Kisha, mwaka juzi, madaktari wakampata na ugonjwa ambao ulikuwa umeshasambaa, na nikajua kwa hesabu, bila msaada wa Kogo, kwamba na yeye anaondoka.

Baba alikuja hospitalini kutoka Olenguruone, anakoishi tangu astaafu. Ni mzee sasa, magoti yake yana maji, na alipanda ngazi za wodi akishika ukuta. Nilimletea kiti. Alikisogeza kando. Alishika chuma cha kitanda, akajishusha, goti moja, kisha la pili, kwenye sakafu ya saruji, na katika kushuka kwake alitoa mlio uliowageuza wagonjwa wengine kututazama.

"Chelangat," akamwambia, "nilimpiga huyu kijana na kitu kisichopiga. Nilikosa. Nimekuja kusema."

Mke wangu aliijua hadithi yote. "Baba," akasema, "mimi hata mshipi sina. Sikupata mtoto hata nifungwe."

"Najua. Lakini ni wewe uliyebaki."

Chelangat akanionyesha kwa kidole nishuke. Nilishuka. Aliomba maji, maana maziwa hayakukaa tumboni mwake, akachukua funda moja, akajaribu kupuliza. Yalimtiririka kidevuni yakaloanisha shuka.

"Ona, hata pumzi zimeniruka," akasema, akacheka kidogo. Kisha akalowanisha vidole kwenye kikombe, akavipitisha kwenye vichwa vyetu, cha baba kwanza. Mwanamke wa kitanda cha pili, akidhani tunaomba, akasema amina. Tulimwinua baba mimi na muuguzi. Chelangat alifariki wiki hiyo hiyo.

Siandiki haya nikisema mshipi ulimuua mke wangu. Sijaamini hivyo, hata usiku ambao kuamini kungenipa angalau mtu wa kulaumu. Lakini kwa miaka mingi nilidhani baba alikataa kupiga magoti kwa sababu alikuwa na kiburi, au kwa sababu hakuamini. Nilipomwona kwenye sakafu ile nilijua kwamba nilikosea. Mtu asiyeamini angepiga magoti siku ile ile, amridhishe mamake, ajipanguse, aende kazini. Baba aliamini kuliko sisi sote. Alikuwa amemtoa mtoto wa mwenzake majini, akanichapa asije akanitoa na mimi, na katika kunichapa akashika kitu kile. Kukiri kungemaanisha kwamba ni kweli, kwamba kwa mkono wake mwenyewe amemfungia mwanawe mlango. Aliposhindwa kukiri, alibaki na matumaini kwamba hakuna kilichotokea. Aliishi juu ya matumaini hayo mpaka nikampigia simu kumwambia Chelangat haponi.

Sasa yeye ndiye hunipigia, kila jioni. Mtandao wa kule juu ni mbaya, kwa hiyo hasemi mengi. Huniuliza kama nimekula, na kama nyumba iko na joto. Ninaketi jikoni na sweta yangu, jiko halijawashwa tangu asubuhi, na ninamwambia nimekula, Baba, nyumba iko sawa. Husema afadhali, na nasikia kwamba leo ataweza kulala.