Saa Moja Iliyozidi

Niliisikia cherehani kabla sijafumbua macho. Mlio mrefu, kimya kifupi, mlio mrefu tena. Kwa sikio tu nilijua mama mdogo anashona mistari iliyonyooka, ile aliyoizoea, akikamata kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini viwe mfarishi mmoja wa kutandika kitandani.

Jumapili hiyo, saa kumi jioni, mama mmoja Mkenya mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Morningside angekuja kuuona. Akiupenda, angeagiza ya vyumba vyote, na mama mdogo angeacha kusimama kutwa mjini akisuka vichwa katika saluni ya mtu mwingine, miguu ikimvimba.

Mchana alishuka duka la simu kuongea na binti yake aliyeko Brussels. Aliporudi akapanda stuli. Ukutani tulikuwa na saa mbili, moja ya Durban, moja ya Brussels. Akazisogeza zote mbele.

"Mama, hata ya hapa?"

"Kule leo wamepeleka saa mbele. Sisi tubaki nyuma juu ya nini?"

Nikaona ana haki. Tulikuwa wageni bado. Hakuna aliyetuambia kwamba Afrika Kusini saa haiguswi, iwe baridi, iwe joto.

Saa ya Durban ukutani ikafika kumi. Ikafika kumi na robo.

"Hatakuya tena," akasema. Akauvuta mfarishi karibu. "Basi sasa ni wangu."

Akachukua kadi ya simu iliyokwisha, aliyoitoboa katikati sindano ipite, akaibandika juu ya meno yanayovuta kitambaa chini ya sindano. Meno yakizibwa, kitambaa hufuata mikono. Wiki nzima alijaribu hivyo kwenye matambara, akiogopa kuugusa mfarishi wenyewe. Mlio ukabadilika: ukakimbia, ukasita, ukapinda. Nilipoinama nikaona juu ya mfarishi kichwa kilichosukwa. Njia za nywele zilitoka utosini, zikazunguka sikio, zikakutana kisogoni. Vidole vyake vilikuwa vinaijua kazi hiyo miaka yote.

Mlango ukagongwa.

"Mbona mmeduwaa?" akauliza yule Mkenya. "Saa yangu ni kumi kamili." Akatazama ukutani, saa ya Durban ikisema kumi na moja, akacheka. "Kwani nyinyi mnaishi saa ya nani?"

Alikuwa ameshaushika mfarishi. Mistari iliyonyooka aliipita haraka. Penye misuko akasimama, akaifuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Hii mistari mingine hata dukani iko. Nataka misuko. Vitanda sita, na kila kitanda kichwa chake."

Mama mdogo aliketi, akavua viatu taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Nirudi lini nione mfarishi wa kwanza?"

"Siku ya posho, Jumamosi ya kwenu, saa kumi."

"Kumi ya nani, mama?"

"Ya kwako."

Alitoka akicheka, na mama mdogo akausukuma mlango kwa kisigino kitupu ukafungika, maana mikono yote miwili ilikuwa imerudi kwenye kitambaa.