Nafasi ya Kikombe cha Baba

Wiki iliyopita, kwenye kabati la marehemu mama, nilikuta kikombe cha bati cha baba. Nikakumbuka harufu ya nta ya sakafu.

Mama alikuwa msafishaji kwenye makumbusho ya vyungu vya Kijapani, hapa Durban. Mchana mmoja alinichukua. Vyungu vya kale na vya sasa vilikaa nyuma ya vioo, kila kimoja na kibao chake. Vibao vilitaja mikoa vyungu vilikotoka, lakini nilikuwa sijui kusoma. Kwetu Kongo, kikombe cha marehemu huachwa juu ya kaburi lake. Nikadhani kila chungu kina mtu wake aliyekufa, nikawa natembea polepole.

Baba alifia njiani tulipokuwa tunakuja huku. Tulimzika haraka, tukaendelea.

“Mama, tulete na cha baba. Nafasi iko.”

Kitambaa chake cha kufutia kikaacha kulia kwenye kioo.

“Hapa hakuna mtu, mwanangu. Ni vyombo tu.”

“Sasa cha baba?”

“Tutampelekea. Ngoja kidogo.”

Nilimwamini. Leo najua kwamba hata yeye asingeweza kuliona tena kaburi lile.

Jumapili nilikiweka kikombe cha baba juu ya kaburi la mama, kando ya chake.